Mzee Upepo, Aliyeachia Mti Jumapili ya Nyimbo Mbili

Wapendwa waombolezaji, mlioketi upande wa kulia na mlioketi upande wa kushoto, nanyi wachache mliobaki mlangoni kwa sababu mliapa kutolikanyaga tena jengo hili, lakini mvua imewalazimisha kusogeza mguu mmoja ndani, familia inawasalimu nyote kwa salamu moja, kwa kuwa hatukuwa na nguvu ya kuandaa mbili.

Kabla ya kuingia kwenye historia yenyewe, familia inaomba ieleweke, for the record, kwa nini marehemu alifariki mwanzoni mwa mwezi na tunamzika mwezi ukiwa unafunga virago. Hatukuwa tunasubiri ndugu wa mbali, ndugu wa mbali walifika mapema, wakala, wakalala, wakaanza na kuulizia makoti yake. Tumechelewa kwa sababu marehemu aliacha ombi moja tu, kwamba siku ya kuzikwa kwake mkewe apige kinanda, hiki kinanda mnachokiona hapa mbele, na ombi hilo ambalo katika nyumba ya watu wazima lingemalizwa kwa kikombe kimoja cha chai, liliyafanya makanisa mawili yakabane koo hadi wahudumu wa mochwari wakaanza kutusalimia kwa majina ya utani. Kwa nini iwe hivyo, ndiyo historia yenyewe, na tunaomba msikilize mpaka mwisho, hasa ninyi mliovaa kola.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu na mama aliyeuza mboga, na shangazi yake mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, bali alihema tu kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ghorofa ya sita akakuta ofisi imefungwa, hali ambayo baadhi yetu wenye vyeti tunaielewa vizuri sana. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1966, akafaulu hesabu na kazi za mikono, akaanguka kwenye kuimba, na hakuendelea na masomo kwa sababu fundi viatu alikuwa na watoto saba na nyundo moja. Hata hivyo alipata ajira ya kudumu kabla hajaota ndevu, bila CV, bila interview, bila kuambiwa kwamba tutakupigia simu, na kizazi chake kilichosoma hadi macho yakavaa miwani kinaomba kujua mlango huo ulifungwa lini na nani ana ufunguo.

Ajira yenyewe ilimjia hivi. Mwaka 1968 alijiunga na kwaya ya vijana ya kanisa hili, akadumu humo majuma machache, kwa kuwa sauti yake ilikuwa na tabia ya kushuka pale wenzake wanapopanda na kupanda pale wenzake wanaposhuka, kama mtu anayepishana na umati kwenye ngazi, hadi mwalimu wa kwaya, mtu wa Mungu lakini mwenye ulimi wa wembe, akamshika bega na kumwambia, "Wewe mwanangu, nenda nyuma ya ubao ukamtumikie Bwana mahali asipokusikia." Nyuma ya ubao huo, ule ukuta wa mbao ulio mgongoni mwa kinanda, ndiko kulikokuwa na mivukuto, yaani ile mifuko mikubwa ya ngozi inayokipa kinanda pumzi, na kwenye mivukuto kuna mti mrefu wa kushika kwa mikono miwili, unaushusha, unaupandisha, upepo unaingia kwenye mabomba, na huko mbele watu wanasema kinanda kimeimba. Tarehe 1 Machi 1969 marehemu aliandikwa rasmi kuwa mtumishi wa kanisa, job description yake ikiwa kufagia, kupiga kengele, kuzuia mbuzi na kuvuta upepo, akapewa nyumba ile ya bati iliyopo nyuma ya ofisi, akapewa na jina la Mzee Upepo akiwa bado hana hata mke, na kwa miaka arobaini ya ibada hakuwahi kumwona mhubiri yeyote usoni, aliwajua kwa viatu vyao, kupitia ufa wa chini ya ubao, na alikuwa akisema kwamba mhubiri mwenye soli iliyoisha ndiye anayehubiri vizuri.

Ni kupitia ufa huohuo alipokiona kiatu cheusi chenye kifungo, cha binti wa katekista, aliyeletwa mwaka 1972 kuwa mpiga kinanda mpya, na mazungumzo yao ya kwanza hayakuwa ya mapenzi hata kidogo, kwani katikati ya mazoezi binti aliinama, akasema kwenye ufa, "We nani huko nyuma, umelala?" naye akajibu, "Sijalala dada, nimemeza mate," na binti akamwambia, "Basi siku nyingine meza kabla ya ubeti." Wakapatana ishara, akigonga ubao mara moja aanze, mara mbili aongeze, mara tatu aache, na kwa miaka mitatu waligongeana hivyo hadi ikafika Jumapili moja binti akasikia ubao unagongwa kutoka upande wa pili, jambo ambalo halikuwa kwenye mapatano, akaenda nyuma kuangalia kuna nini, na huko nyuma akaombwa kuolewa na mtu aliyelowa jasho na kushika mti, akakubali, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mti ule usingeachiwa mpaka ajibu, na waumini walikuwa wanasubiri amina.

Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975, humu ndani, na familia inapenda kuweka wazi kwamba kanisa hili halikuwa na mpiga kinanda mwingine wala mvuta upepo mwingine, hivyo bibi harusi alipiga mwenyewe muziki wa kuingia bibi harusi, akiwa na shela, huku bwana harusi akimvutia upepo nyuma ya ubao akiwa amevua koti, na umati mzima umesimama umegeukia mlangoni, ambako hakuingia mtu. Ndipo wote wawili wakatokea mbele kwa mlango wa pembeni, wanahema, wakaapa.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watano, ambao ni fundi bomba, mwalimu, nesi, mama mwenye duka la nguo, na kitinda mimba mwenye digrii ya uhusiano wa kimataifa, ambaye hadi leo hana uhusiano na mwajiri yeyote, wa ndani wala wa nje, na ndiye aliyepewa kazi hii ya kusoma, bila malipo. Marehemu ameacha pia wajukuu kumi na mmoja, na mjane, ambaye mnamwona pale kwenye kiti cha kinanda, amewapa mgongo nyote, wa kulia na wa kushoto, kwa usawa.

Sasa tunafika mahali ambapo wasomaji wa historia za marehemu huwa wanakohoa na kuruka mistari. Familia imekaa, ikaamua kutoruka.

Mwishoni mwa mwaka 2008 makao makuu ya dhehebu yaliandika kwamba mchungaji wa hapa anahamishwa, with immediate effect, na mchungaji huyo alikuwa mtu wa watu, aliyemzika mama mkwe wa marehemu kwenye matope hadi magoti bila kuharakisha sala, hivyo watu wakalia, naye akatoa hubiri la kwaheri, likapendeza sana, Jumapili iliyofuata akatoa hubiri la kwaheri sehemu ya pili, kisha ya tatu, ikapita Krismasi, ukapita mwaka mpya, na bado mtu anaaga. Ndipo alipopata jina la Mchungaji Kwaheri, na kwa kuwa yupo hapa, upande wa kushoto, tunamwomba radhi, lakini ukweli haujawahi kuwa na jina lingine. Makao makuu nayo yalipochoka kungoja, yakamtuma mchungaji mpya, akashuka na masanduku manane na godoro, akiwa amekuja kukaa, na asipate nyumba, kwa sababu anayeaga alikuwa bado yumo ndani. Huyo alilala kwenye ofisi ya kanisa miezi miwili akizungukwa na mizigo yake, na ndiye Mchungaji Masanduku, upande wa kulia, karibu baba.

Wakati huo waliotaka Kwaheri abaki walitangaza mfungo ili Bwana amzuie, na waliotaka aondoke wakatangaza mfungo ili Bwana amharakishe, wa kwanza ukiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wa pili ukiwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Marehemu, akiwa mtumishi wa wote, asiyetaka kumkwaza mtu, alifunga mifungo yote miwili. Mkewe alimwambia, "Mume wangu, unamwomba Mungu afanye jambo na asilifanye, halafu wewe ndiye hupati chakula?" lakini marehemu alikuwa mtu wa heshima, na heshima ikamkausha, shingo ikawa kama mpini, na kiuno, jamani, kiuno kikaisha kabisa.

Ikafika Jumapili ya tarehe 8 Machi 2009. Wachungaji wawili walisimama kwenye mimbari moja, Kwaheri akatangaza wimbo wa kusimama imara, Masanduku akatangaza wimbo wa safari, kila mmoja akimaanisha mwenzake, na kanisa zima likatazama kinanda, kwa maana wimbo utakaopigwa ndio mchungaji atakayebaki. Mpiga kinanda akakumbuka matope ya kaburi la mama yake, akagonga ubao mara moja, akaanza wimbo wa Kwaheri. Marehemu, ambaye kutoka nyuma ya ubao hakujua wimbo ni wa nani wala hakuulizwa, akavuta upepo kama alivyouvuta maisha yake yote. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili mzee mmoja wa baraza, wa upande wa Masanduku, akaingia nyuma ya ubao ananong'ona kwa hasira, "Mzee Upepo, acha huo mti, nakuamuru!" na mara mwenyekiti wa akina mama akaingia kwa upande wa pili, "Usiache baba, ukiacha umetuuza!" na marehemu akiwa katikati, mikono miwili kwenye mti, akawaambia kwa adabu, "Ndugu zangu, nipisheni, suruali inashuka."

Hawakusikia, au walisikia wakadhani ni mfano, kama mifano ya kwenye mahubiri. Marehemu alisimulia baadaye kwamba mkanda ulikuwa umefika tundu la mwisho tangu wiki ya pili ya mfungo, alijaribu kubana magoti, alijaribu kutoa tumbo lakini hakuwa na tumbo la kutoa, na mwenyekiti wa akina mama alikuwa amesimama palepale, mama mtu mzima, shemeji yake, hivyo alifanya ambalo kila mwanamume aliyelelewa vizuri angelifanya, aliachia mti, akakamata suruali.

Kinanda kikakata pumzi katikati ya neno, kikatoa mlio wa ndama aliyekanyagwa. Vidole vya mkewe vilikuwa bado vinabonyeza na hakuna kinachotoka. Upande mmoja ukapiga makofi. Upande mwingine ukasimama, ukatoka nje, na haukurudi, na hivyo, ndugu waombolezaji, ndivyo ushirika wa waumini mia nne ulivyojitoa kwenye dhehebu, si kwa sababu ya mafundisho ya imani, si kwa sababu ya katiba, wala nini.

Waliotoka walipata ghala la mbao mtaa wa pili, Kwaheri akawa Askofu Jumatatu, Jumatano akawa Askofu Mkuu, na ilipofika Ijumaa hapakuwa na cheo kingine kilichobaki dukani. Wiki hiyohiyo walikuja na mkokoteni mchana kweupe kuchukua kinanda, wakidai kilinunuliwa na babu zao, wakakinyanyua wakiimba, wakakifikisha ghalani, mpiga kinanda, aliyetoka nao, akaketi, akabonyeza, kimya, akabonyeza tena, kimya, na ndipo vijana wenye nguvu wa Bwana walipogundua kwamba mivukuto imebaki nyuma ya ubao, kwa kuwa muda wote wa ushirika wao walidhani kinanda kinapumua chenyewe. Walipotuma ujumbe waipate, walipewa jibu la kidiplomasia, na familia ina mtaalamu wa diplomasia, anathibitisha, lilikuwa ni tusi. Kwa hiyo wakawa na kinanda kisicho na pumzi, na waliobaki wakawa na pumzi isiyo na kinanda, na kila upande ukamshukuru Mungu kwa ushindi.

Waliotoka walijaribu pampu ya baiskeli, walijaribu mashine ya kupulizia vumbi ya fundi kompyuta, ikatoa sauti moja tu na paka wote wa mtaa wakahama, wakanunua kinanda cha umeme, na mpiga kinanda akakataa kukigusa, akasema, "Hiyo ni simu kubwa, mtafutieni mtu wa simu." Akabaki anaongoza nyimbo kwa mkono, pembeni ya kinanda bubu, kila Jumapili. Marehemu alibaki upande huu, maana nyumba ni ya kanisa, na mivukuto ipo huku, na ngozi ya mivukuto isipotumika hupasuka, hivyo kila Jumamosi jioni aliipaka mafuta, akaingia nyuma ya ubao, akavuta upepo usioenda popote, ukatokea kwenye tundu la ukuta, ukapeperusha kurasa za vitabu vya nyimbo kwenye mabenchi matupu.

Nyumbani, mambo yalikuwa hivi. Siku ileile ya nyimbo mbili marehemu alimweleza mkewe kuhusu suruali, tena kwa kuapa, na mkewe akasema, "Suruali? Miaka thelathini na tatu ya ndoa, umekosa uongo mwingine?" na tangu hapo hawakugombana, hawakutengana, walilala kitanda kimoja, chakula kilipikwa, mashati yalipigwa pasi, lakini mama aliamini, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo, kwamba mumewe aliogopa kupoteza kazi, akamkatia upepo mbele ya watu. Upande wake walihubiri kila mwezi wa tatu habari za Yuda wa nyuma ya ubao, naye anasikiliza, anarudi nyumbani, anavua viatu, anasema, "Leo umetajwa mara sita. Mchuzi uko jikoni." Upande wa huku nao walianzisha sikukuu, Jumapili ya Upepo Uliokataa, wakashona na fulana, wakamketisha marehemu kiti cha mbele kama shujaa wa imani, na alipoiambia kamati kwamba ndugu zangu, ile ilikuwa suruali, katibu alimjibu kwa upole, "Mzee, tunajua unyenyekevu wako, lakini fulana zimeshachapishwa." Marehemu akawa mtu pekee aliyejua kwamba hakuwa Yuda wala shujaa, na kwa miaka kumi na nne hakupata hata mtu mmoja wa kumwamini, kila mtu alimhitaji awe kitu. Wanaosema ukweli utakuweka huru watuambie kwanza ni baada ya muda gani, kwa maana watu wana bili.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi usiku, akapimwa, akaambiwa moyo umetanuka, na yeye akasema haishangazi, umekaa kati ya wachungaji wawili. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho ikiwa tarehe 9 Mei 2023, katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, na hapo mbio zikaanza, Mchungaji Masanduku anafika saa ya kuona wagonjwa, anampaka mafuta, anaondoka, Askofu Kwaheri anaingia, anafuta mafuta kwa leso, anapaka ya kwake, hadi muuguzi wa zamu akasema mgonjwa huyu akiendelea kuombewa atateleza aanguke. Kila mmoja alitaka neno moja tu, "Mzee, sema kabla hujachelewa, uko upande gani?" na marehemu, kwa sauti iliyobaki, akawajibu wote wawili jibu moja, "Upande wa dirisha, kuna hewa."

Siku chache baadaye alitaka kwenda msalani, akakataa chombo, mkewe akamsindikiza kwenye korido, mkono mmoja wa marehemu kwenye ukuta, mwingine kwenye mlingoti wa dripu, amevaa suruali ya hospitali iliyoshonwa kwa ajili ya mtu wa mara mbili yake, na kamba yake ikafunguka. Mbele yao anakuja muuguzi, mwanamke, na sinia la dawa. Marehemu, ambaye daktari alikuwa amemwonya kwamba ukianguka hatutakunyanyua, aliachia ukuta, aliachia mlingoti, dripu ikaenda chini kwa kishindo, sindano ikachomoka, damu ikamtiririka hadi kiganjani, naye amesimama wima kabisa, mikono miwili kiunoni, amekamata suruali, uso umetulia kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto.

Mama alitazama dripu, akatazama ile mikono, akasema, "Kumbe!" Akarudia, "Kumbe, baba watoto!" kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta, akakaa chini sakafuni pale koridoni, kitenge kikamvuka begani, watu wa wodi ya pili wakatoka kuangalia nani amefiwa, na katikati ya kicheko kikaingia kilio, hakuna aliyejua kimeanzia wapi, akamwambia, "Nimekulisha kimya miaka kumi na nne, na wewe ulikuwa unasema kweli." Marehemu akamjibu, "Nilikuambia, mama watoto. Sasa nifunge kamba, huyu dada bado anatuangalia." Usiku ule ndipo alipotoa lile ombi, hakutaka hotuba, hakutaka fulana, wala hakutaka kuitwa shujaa, alisema tu, "Siku yangu, upige wewe. Mpaka ubeti wa mwisho." Mkewe aliapa. Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kilichofuata mnakijua, kwa sababu wengi wenu ndio mliokifanya. Mchungaji Masanduku alisema aliyejitoa hawezi kupiga humu, na Askofu Kwaheri akasema kinanda chao hakitarudi chini ya paa hili hadi paa litubu, na wote wawili wakadai mwili, mmoja kwa ajili ya shujaa wake, mwingine kwa ajili ya Yuda wake aliyetubu kitandani, na mama akawasikiliza sebuleni hadi chai ikapoa, akasema, "Basi mume wangu atabaki mochwari, huko hawana madhehebu," akaingia chumbani, akafunga mlango. Alibaki humo siku nyingi kuliko walivyozoea wanaume wawili kumngoja mwanamke mmoja. Waliovunja mkwamo si baraza wala sinodi, ni wanakwaya wa kike wa pande zote mbili, ambao kumbe hawakuwahi kuacha kununua nyanya pamoja, jana asubuhi walikwenda ghalani na mkokoteni bila ruhusa ya mtu, na mlinzi alipouliza kibali, mmoja wao akamwuliza kama mama yake hajambo, naye akafungua. Kinanda kikaingia humu kwa mlango uleule kilikotokea, mtoto wa kwanza wa marehemu, fundi bomba, akaunganisha upya bomba la upepo, na ngozi ya mivukuto, tunashukuru zile Jumamosi zote, haina hata ufa.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa yule wa sinia, kwa kugeuza uso upande kwa wakati, kwa majirani waliotupikia bila kuuliza tuko dhehebu gani, kwa wahudumu wa mochwari kwa subira, kwa watumishi wenzake marehemu, mafundi kengele na wafagiaji wa makanisa yote ya mji huu, ambao wameketi pamoja nyuma kabisa, na kwa wanakwaya, ambao hatuna la kuwalipa.

Mwisho, kuna tangazo la mjane. Leo hakuna mahubiri. Wimbo ni mmoja, una beti sita, na hakuna mtu mwingine aliyejifunza kuvuta upepo katika kanisa lolote kati ya haya mawili, kwa sababu kila mmoja alitaka kukaa mbele. Hivyo mama anawaomba Mchungaji Masanduku na Askofu Kwaheri wasogee nyuma ya ubao, wavue majoho, mti ni mzito, mmoja avute ubeti wa kwanza, mwenzake apokee wa pili, wapokezane hivyo hadi wa sita, na anawakumbusha kwa upendo kwamba mti haupaswi kusimama wakati wa kupokezana, lazima mikono minne iwe juu yake kwa pamoja kabla ya miwili kutoka, la sivyo wimbo utakatika, na safari hii kanisa zima litajua ni nani aliyeachia. Asiyetaka, mlango uko wazi, lakini jeneza halitanyanyuliwa hadi ubeti wa sita uishe.

Naona askofu amesimama. Naona na wa kulia amesimama. Karibuni, mnainama kidogo kuingia.

Baba, pumzika kwa amani, upepo leo watavuta wao.